Chujio la Mbao na Moto wa Kijani

Vijana wa maabara mmeniomba niandike jinsi tulivyosafisha maji machafu ya kiwanda kwa mbao, kabla ya mitambo mnayoitumia leo. Mmeniomba pia, kwa adabu ambayo naishuku kidogo, niandike yote ninayoyakumbuka. Sitaandika yote. Vyeo nilivyopanda havitawafundisha kitu, na mshahara wangu anaujua kila mtu aliyewahi kuiona nyumba yangu. Nitaandika habari za chujio, za mtu aliyenifundisha kulitunza, na za siku chache ambazo chujio hilo lilikaribia kumwangamiza.

Niliingia kazini wakati Katanga ilipojitenga na Kongo, na Lubumbashi ilikuwa bado ikiitwa Elisabethville. Nilitoka seminari ndogo ya kaskazini nikiwa na Kilatini kingi, hesabu ya kutosha, na wito wa upadri uliokwisha kunyauka. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, naye aliona kwamba mwana asiyefaa kwa altare huenda akafaa kwa chupa za maabara. Kiwanda chetu kilivuta nyaya za shaba, kando ya njia ya treni iendayo Sakania. Fimbo za shaba zilioshwa kwanza katika tindikali, kisha zikasuuzwa kwa maji mengi. Na maji hayo, yakiwa yamebeba shaba iliyoyeyuka, hayakuwa na pa kwenda isipokuwa kijito kilichopita nyuma ya ukuta. Chini ya kijito hicho watu walilima mboga, na mboga hizo tulizila sisi wenyewe. Hiyo ndiyo sababu ya chujio kuwepo. Sababu nyingine zilizotajwa katika ripoti ziliongezwa baadaye.

Chujio lilikuwa mabirika matatu ya saruji yaliyofuatana kwa mteremko. Maji yalitiwa chokaa kwanza ili ukali wa tindikali uvunjike, kisha yakaingia birika la unga wa mbao uliotoka kiwanda cha kupasua magogo. Unga huo haukutumiwa mbichi: uliloweshwa na kuoshwa hadi ulipoacha kutoa rangi kama ya chai, kwani mti usiooshwa huyachafua maji unayotakiwa kuyasafisha. Birika la pili lilikuwa la maganda ya muputu, mti wa porini kwetu, yaliyopondwa, kwa kuwa ule ukakasi wa maganda, uleule unaokausha ulimi ukiyatafuna, huishika shaba na kukataa kuiachia. Birika la tatu lilikuwa la makala, ndivyo tunavyoyaita makaa ya miti, ya kawaida kabisa, yale yale yanayopikia bukari, ugali wetu, katika kila ua wa mji huu. Kilichoyaponyoka mawili ya kwanza kilinaswa na la tatu.

Aliyelitunza chujio aliitwa Papa Mbuyi. Wazazi wake walikuja kutoka Kasai kutafuta kazi, yeye akazaliwa hapahapa mjini, akasoma kwa mapadri, akaoa hapahapa. Kasai yenyewe hakuwahi kuiona. Jambo hilo halikumzuia mtu yeyote kumwita Mukasai.

Siku yangu ya kwanza alinipa glasi ya maji na kuniuliza kama ni safi. Niliinua glasi kwenye mwanga wa dirisha, nikaitazama kwa makini ya mwanafunzi anayetaka kusifiwa, nikasema ni safi. Akachukua msumari aliokwisha kuupiga msasa, akautumbukiza, akanipa kazi nyingine. Tuliporudi, msumari ulikuwa umevaa ngozi nyekundu ya shaba.

“Padri,” aliniambia, “maji ya kungaa njo ya kuogopa. Ile ya matope inakuonyesha ubaya yake mbele.”

Tangu siku hiyo jina langu kazini likawa Padri, na namna yangu ya kuyatazama maji ikawa ya mtu anayedhani anadanganywa. Sijutii hata moja kati ya hayo mawili.

Alinifundisha mengine ambayo bado yana faida, hata kwenu. Usibadilishe mabirika yote kwa pamoja, kwa sababu chujio jipya lote ni chujio usilolijua. Usiushindilie unga wa mbao, maana maji yatatafuta ufa mmoja na kupita humo bila kusafishwa, na juu utaona kila kitu kimetulia. Unga ukianza kunuka kama pombe iliyochacha, ugeuze ili upate hewa. Na usimwamini anayekuambia chujio linaendelea vizuri, hasa ikiwa ni wewe mwenyewe.

Mbao na makala yaliyochoka, yaani yaliyokwisha kushiba shaba, tuliyaanika chini ya paa la mabati nyuma ya mabirika. Yakikauka yalipelekwa tanuruni kuchomwa, na majivu yakarudishwa kuyeyushwa, kwa kuwa yalikuwa na shaba nzuri. Naomba mlishike neno moja hapa: makala yaliyochoka hayana tofauti yoyote na makala mapya kwa macho. Ni meusi, ni mepesi, hulia vilevile yakigongana. Unga wa mbao ulioshiba hugeuka rangi na kujitaja. Makala hayasemi kitu.

Sasa niseme habari za wakati ule, kwa ufupi, kwani wazee wenu wamekwisha kuwasimulia, kila mmoja kwa namna inayomtoa yeye katika lawama. Kulikuwa na bendera mpya na stempu mpya. Kulikuwa na ndege za kigeni zikitua uwanja wa Luano, na kila mtu alijua zimebeba nini, na hakuna wawili waliojua kitu kimoja. Watu wenye asili ya Kasai walishukiwa kuwa adui wa ndani; wengi walikwisha kuhamia kambi ya wakimbizi pembezoni mwa mji. Sisi wa kaskazini mwa Katanga nasi hatukuaminika sana, kwa kuwa kaskazini hawakuukubali utengano huo. Watu waliacha kumaliza sentensi zao. Ukimwuliza jirani ameamkaje, alifikiri kwanza ni kwa nini unataka kujua.

Papa Mbuyi hakuhama. Alisema kwamba chujio halina kabila. Alilisema hilo kwa sauti ya chini, na baada ya kuangalia mlangoni.

Taabu iliyotugusa jikoni ilikuwa makala. Wachoma makala walizoea kuyaleta mjini kwa baiskeli, magunia yamepangwa juu kuliko kichwa cha mwendeshaji. Lakini barabara ziliwekewa vizuizi, na mtu aliyeingia porini hakuwa na hakika ya kutoka. Katika kambi ya wafanyakazi, ambako nilipewa chumba mkabala na nyumba ya Papa Mbuyi, wanawake walianza kupikia vibanzi vya mbao, magunzi ya mahindi, na hata miguu ya viti. Na chini ya paa letu la mabati rundo la makala yaliyochoka likaanza kupungua.

Nililigundua kwa sababu Papa Mbuyi alilipiga reki kila jioni, akaacha mistari iliyonyooka kama shamba la viazi, na asubuhi mistari ilikuwa imevurugwa na kusawazishwa na mkono usiojua kazi. Nilimwambia. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema ameona. Hakuongeza neno. Nikajiuliza kwa nini mtu anayeibiwa asiongeze neno, na naamini kwamba kila mtu aliyejua habari hiyo alijiuliza vivyo hivyo.

Kisha ukaja moto wa kijani. Mama Odile, mke wa dereva, alikuwa akipika nje ya mlango wake, mbabula mbele yake, yaani lile jiko la bati lililotobolewa matundu. Chungu cha samaki wakavu kikafurika. Maji ya chumvi yakamwagikia makala. Na moto ukapanda ukiwa kijani, kijani cha chupa, mbele ya majirani wote. Mtu wa maabara angejua mara moja: shaba huwaka kijani, na chumvi huizidisha. Mimi sikuwapo. Aliyekuwapo alikuwa Papa Mwansa, mkuu wa kambi, mtu mwenye sauti ya kuhesabu watu hata anapokusalimu. Akamwuliza ametoa wapi makala hayo.

Mama Odile alikuwa na majibu mawili. La kweli lingemfanya mwizi wa mali ya kiwanda, na mumewe angefukuzwa kazi. Alichagua la pili: alisema kwamba amepewa na Papa Mbuyi.

Kufikia kesho yake habari ilikuwa imekomaa. Mukasai alitia dawa katika makala. Mukasai aliwapa watu maalumu, ili wawe wake. Papa Mwansa akapita akitangaza kwamba jioni atazunguka kambini kuangalia mioto, na kila nyumba yenye moto wa kijani itaeleza ina urafiki gani na mtu huyo.

Nilirudi kutoka kazini jioni hiyo nikakuta kambi ambayo sijapata kuiona. Ulikuwa msimu wa joto, kabla ya mvua, wakati ambapo hakuna mwenye akili anayepikia ndani. Na nje ya milango yote hapakuwa na mbabula hata moja. Moshi mwembamba ulitoka katika madirisha yaliyofungwa. Papa Mwansa alizunguka, hakuona moto wa rangi yoyote, akaridhika. Mimi sikuridhika. Nilisimama mlangoni pangu nikifanya hesabu ya seminari: rundo lililopotea lilikuwa kubwa mno kwa jiko moja. Nikatazama nyumba ya Papa Mwansa mwenyewe. Nayo ilikuwa inapikia ndani.

Ninyi mnajua hewa ya makala katika chumba kilichofungwa hufanya nini. Haina rangi wala harufu, na haiulizi makala yametoka wapi. Asubuhi Mama Odile na mama mkwe wake walikutwa wamelala sakafuni kando ya mbabula iliyozimika, hawajitambui. Walitolewa nje, wakatapika, wakazinduka polepole. Sista wa zahanati alisema waziwazi kwamba ni hewa ya makala, makala yoyote, na kwamba wapikie nje. Walimshukuru sana, na hawakumsadiki. Sumu ilikwisha kutangazwa. Sasa ilikuwa imepata wagonjwa.

Baada ya kazi watu walikusanyika mbele ya nyumba ya Papa Mbuyi. Hawakuwa na kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Papa Mwansa alisema watampeleka kwa askari waliokaa kwenye kizuizi cha barabara. Kila mtu pale alijua maana yake. Mtu mwenye jina la Kasai aliyepelekwa kizuizini na jirani zake mwenyewe, kwa kosa la sumu, hakuwa na wa kumtetea njiani, na hatukuwa na mfano wa aliyerudi kunywa chai kwake siku hiyo.

Papa Mbuyi alitoka akiwa bado na mabuti ya kazi. Mkewe alisimama mlangoni nyuma yake.

“Mukasai anatuwashia kifo mu mbabula,” Papa Mwansa aliwaambia watu, bila kumtazama yeye. “Anakaa na shiye, anakula na shiye, na anatuua pole pole.”

Papa Mbuyi akamjibu kwamba, kama angetaka kuwaua, ana funguo za tindikali, na hana haja ya kuwapikia. Wachache walicheka, kisha wakajuta kucheka. Lilikuwa jibu la kweli, na baya sana kwa saa ile.

Hapo nilisema, na sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyokusudia. Nilisema kwamba hata askari watauliza sumu iko wapi. Kwamba haifai mkuu wa kambi apeleke mtu bila kuonyesha. Kwa nini isiletwe mbabula ya Mama Odile, iwashwe hapa mbele ya wote, na kando yake iwashwe nyingine kutoka nyumba ambayo haikupokea kitu kwa Mbuyi? Watu wataona tofauti kwa macho yao.

Papa Mwansa alinipima. Nadhani alitafuta mtego, na mtego ulikuwepo. Lakini aliutafuta kwangu, hakuutafuta nyumbani kwake.

“Padri anasema vizuri,” akasema. “Nyumba gani?”

“Ya kwako, Papa. Nani atabisha nyumba ya mukubwa wa kambi?”

Akamwamuru mkewe alete mbabula. Mke hakuondoka. Akamwamuru tena, kwa jina. Mwanamke huyo akaenda kwa mwendo wa mtu anayefikiri, akarudi na mbabula na kikapu cha makala, akaviweka chini bila kumtazama mtu. Naamini kabisa kwamba mumewe hakujua. Wanaume wa kambi ile walijua chakula kimeiva, hawakujua kimeivaje.

Tuliwasha zote mbili. Zilipokolea niliomba maji ya chumvi, nikamwagia kidogo mbabula ya Mama Odile. Moto ukapanda kijani, na watu wakanong'ona. Nikamwagia ya Papa Mwansa. Ikapanda kijani kilekile.

Papa Mwansa aliuangalia moto wa nyumba yake, akamwangalia mkewe, akauangalia tena moto, na nikaona jinsi mtu anavyotafuta pa kuweka shaka yake inapomrudia. Nikasema, kwa sauti ya kawaida ya maabara, kwamba kijani hicho ni cha shaba. Kwamba makala yoyote yaliyolala katika birika letu yatawaka hivyo, hata ayachukue nani. Na kwamba, kama yupo asiyeamini, alete mbabula yake pia, chumvi bado ipo.

Hakuna aliyeleta. Nilitazama mstari mzima wa milango, na watu walitazama miguu yao. Kila nyumba ilikuwa imejidhania kuwa ndiyo peke yake iliyopata pengo la ukuta nyuma ya paa la mabati. Sasa kila mtu alijua habari za kila mtu.

Mama Odile alikuwa ameketi kwenye mkeka, kitambaa kimefungwa kichwani, macho bado mekundu. Mumewe alimshika bega. Akautoa mkono wake.

“Hakunipatia,” alisema. “Nilijitwalia miye mwenyewe. Sawa na banamuke bote ba hapa.”

Kambi ilitawanyika kama watu waliokumbuka kazi nyumbani. Papa Mwansa alibaki. Nadhani alitaka kuomba radhi, na kwamba hakuwa na mazoea. Badala yake alimwuliza Papa Mbuyi kama kesho atakuja kazini.

“Kazi iko,” Papa Mbuyi akajibu. “Miye njo sitakuwako.”

Nilimfuata nyumbani kwake. Mkewe alikwisha kuanza kufunga vyombo katika mashuka. Nilimwambia kwamba hatari imepita, kwamba wameona aibu, kwamba hakuna atakayethubutu tena. Nilizungumza vizuri, seminari ilikuwa imenifundisha kupanga hoja. Alinisikiliza huku akivua mabuti, akayaweka sawasawa ukutani.

“Jana benye kuniogopa balikuwa bachache,” alisema. “Leo niko najua siri ya kila nyumba. Unawaza batanipenda?”

Kisha akatabasamu, mara ya kwanza katika siku zile, akaniambia jambo ambalo alikuwa amelitunza.

“Na weye, Padri. Nilikuwa nawaza mwizi ni weye. Ile mistari ya reki, nilikuwa naiweka juu ya kukukamata weye.”

Nilimwuliza ni kwa nini mimi.

“Juu ulikuja kuniambia,” akasema. “Mwizi mwenye masomo angeanza vile.”

Tulicheka wote wawili, na mkewe akatutazama kama watu waliopungukiwa na akili. Alfajiri waliondoka na lori lililokuwa likichukua watu wa kwao kwenda kambi ya wakimbizi. Baadaye nilisikia kwamba walipanda treni kwenda Kasai, nchi ambayo ilimbidi aanze kujifunza akiwa mtu mzima. Hakuniandikia, nami sikushangaa.

Chujio nilikabidhiwa mimi. Amri yangu ya kwanza ilikuwa kwamba makala yaliyochoka yasianikwe tena: yatoke birikani yakiwa majimaji na kupelekwa tanuruni siku hiyohiyo, chini ya macho yangu. Naipendekeza amri hiyo kwa kila chujio la namna ile, hata sasa. Niliieleza sababu yake kwa mtu mmoja mmoja, polepole, kwa maneno mepesi.

Haikupita wiki moja kabla sijasikia maelezo yangu yakinirudia. Nilikuwa nikipita nyuma ya nyumba ya Mama Odile, ambaye sasa alipikia nje, kwa vibanzi, akiwa mzima kabisa. Alikuwa akizungumza na mke wa Papa Mwansa, na hawakuniona.

“Kama Mbuyi hakuwa na neno, juu ya nini alikimbia?” alikuwa akiuliza. “Na huyu Padri, nyumba yake ilikuwa mbele ya yake. Sasa makala anaificha. Anatuficha nini?”

Mke wa Papa Mwansa alisema kwamba hata yeye amejiuliza. Nilipotokea walinisalimu kwa heshima, wakanikaribisha bukari. Nilishukuru, nikasema nimekwisha kula.